Mwalimu wa lugha Newala anauliza: niandike malengo gani ya kujiendeleza mwaka huu?

Swali: *Nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, mikondo miwili (A wanafunzi 62, B 59), na Kiswahili Kidato cha Pili, katika shule ya kata wilayani Newala. Mkuu wa shule ametaka kila mwalimu apeleke malengo yake ya kujiendeleza kitaaluma. Kila mwaka naandika "kuhudhuria semina, kusoma vitabu vya rejea, kuboresha mbinu za kufundishia", na mwaka ukiisha sioni kilichobadilika. Shuleni hatuna kompyuta ya walimu, intaneti ni bando la simu yangu. Niandike nini, na nitajuaje kwamba nimefika?*

Jibu: Mwalimu, hiyo mistari mitatu haina hata mmoja ulio lengo. Semina huandaliwa na wengine. Isipofanyika, umekwama bila kosa lako, na ikifanyika unaweza kukaa siku tano ukarudi darasani ukafundisha vilevile. Kusoma vitabu ni njia ya kufikia kitu ambacho hukukitaja. Na "kuboresha mbinu" hakuna atakayekuuliza umeboresha kwa kiasi gani, kwa sababu hakuna awezaye kupima.

Kwa mwalimu wa lugha, lengo la kujiendeleza ni badiliko katika jambo unalolifanya darasani, ambalo mwenzako akikaa dawati la nyuma na kalamu anaweza kulihesabu. Semina, vitabu na kozi vina nafasi yake kwenye karatasi, ila katika safu ya "msaada ninaouhitaji".

Wiki mbili za kukusanya kabla ya kuandika

Usiandike kitu leo. Mwombe mkuu wa shule wiki mbili, na mweleze unachokwenda kufanya. Wakuu wengi hukubali wakijua watapata karatasi yenye tarakimu.

Kwanza chukua daftari 12 za insha au aya, zote za mkondo mmoja: nne za wanafunzi wanaofanya vizuri, nne za wa kati, nne za wanaohangaika. Usisahihishe. Chora jedwali lenye safu tano: nyakati za vitenzi, upatanisho wa kiima na kitenzi, tahajia, uteuzi wa maneno, mpangilio wa sentensi. Kila kosa weka kijistari kwenye safu yake. Saa moja na nusu inatosha. Kinachotafutwa ni kosa linalowakamata makundi yote matatu. Kosa la wale wanne wanaohangaika peke yao linahitaji msaada wa pembeni. Lile linaloonekana hata kwa wale wanne wazuri, mara nyingi limetokana na namna lilivyofundishwa, na hapo ndipo kuna kazi yako.

Pili, jirekodi. Weka simu kwenye meza ya mwalimu, sauti tu, kipindi kizima cha dakika 40. Wajulishe wanafunzi na uwe na idhini ya mkuu. Video haihitajiki: inakula nafasi ya simu, inawafanya watoto waigize, na ikivuja kwenye kundi la WhatsApp ni kesi nyingine. Chagua kipindi cha kawaida, si kile ulichokiandalia zana za rangi. Jioni sikiliza ukihesabu mambo manne tu: dakika ulizozungumza wewe, maswali uliyouliza, sekunde ulizosubiri baada ya kila swali, na wanafunzi tofauti waliosikika wakisema Kiingereza. Lile la nne huwashtua walimu kuliko yote. Darasa lililoonekana limechangamka linaweza kuwa na sauti tisa tu kati ya 62, wengi wao wa madawati mawili ya mbele, huku wengine wakiitikia kwa pamoja. Kuitikia kwa pamoja usikuhesabu. Mwanafunzi anaweza kufungua kinywa mwaka mzima bila kutunga sentensi hata moja.

Tatu, soma taarifa ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa Kiingereza, Upimaji wa Kidato cha Pili. Baraza huchapisha taarifa hizi kwa kila somo, nazo hupakuliwa bure katika tovuti yake. Husomwa na wachache mno. Ndani yake kila swali limechambuliwa: waliopata vizuri walifanya nini, walioshindwa walishindwa wapi, pamoja na sampuli za majibu yaliyoandikwa kwa mkono. Linganisha na jedwali lako la daftari. Kosa linaloonekana kote kuwili lipe uzito.

Nne, jipime mwenyewe Kiingereza chako. Andika maneno 250 kwa dakika 40 bila kamusi, kisha jirekodi dakika mbili ukieleza kanuni moja ya sarufi kama unavyoieleza darasani. Iweke kando siku tatu ndipo uisikilize. Hatua hii walimu hupenda kuiruka, na sababu inaeleweka: hakuna mwalimu wa lugha anayependa kukiri kwamba lugha anayoifundisha inamtatiza. Lakini mwanafunzi wa Newala aliyesoma msingi kwa Kiswahili mara nyingi hana pa kusikia Kiingereza nje ya shule, na ndani ya shule wewe ndiye mwalimu wake wa lugha hiyo. Matamshi yako ndiyo yatakuwa matamshi yake.

Hapa watu huharibu kwa kukusanya mno. Daftari 60, rekodi sita, dodoso la wanafunzi, halafu rundo linakaa kabatini hadi Juni. Daftari 12 na rekodi mbili zinatosha kuonyesha njia.

Kuchagua

Ukishakuwa na hayo, gawa matatizo kwa mafungu. Kuna yaliyo nje ya uwezo wako: vitabu havitoshi, watoto wanakosa shule msimu wa korosho, mikondo imefurika. Yaandike, lakini yasiingie kwenye malengo. Kuna ya idara: azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) halilingani kati ya mikondo, mitihani ya ndani inapima kukariri. Hayo yapeleke kikao cha idara. Yanayobaki ndiyo yako. Kutoka hapo chukua moja la darasani kwa muhula, na moja la lugha yako mwenyewe kwa mwaka. Mawili, basi.

Najua fomu nyingi zina nafasi ya malengo matano au sita. British Council, kwa mfano, wana mfumo wa maendeleo ya walimu wa Kiingereza uliogawanya kazi katika maeneo 12: kuandaa masomo, kuwaelewa wanafunzi, kusimamia kipindi, kulijua somo, kusimamia zana, kupima ujifunzaji, kutumia teknolojia, kujiendeleza, ujumuishi, matumizi ya lugha zaidi ya moja, stadi za karne ya 21, na kuzielewa sera za elimu. Ni kioo kizuri. Ukiisha kuona tatizo lako kwenye daftari, tafuta liko eneo gani, usome wanasema nini. Kosa ni kuanza na hayo 12 ukijitia vema kila mstari. Tabia ya kufundisha hubadilika kwa kurudiwa mara nyingi hadi mwili uizoee, na huwezi kurudia tabia tano mpya katika kipindi kimoja huku ukitazama saa, ukinyamazisha kona ya nyuma na kutafuta chaki.

Namna ya kuliandika

Sentensi ya lengo ibebe vitu vitano: tarehe ya mwisho, darasa gani, utafanya nini, wanafunzi watafanya nini tofauti, na ushahidi gani. Nikuandikie mifano miwili kutokana na ulichoeleza, maana Kidato cha Kwanza cha watu 60 matatizo yake yanafanana kote Mtwara na Lindi.

Wa kwanza ni wa kuzungumza. Tuseme rekodi imeonyesha maswali 31, muda wa kusubiri chini ya sekunde 2, sauti 9. Lengo liwe hivi:

> *Ifikapo Ijumaa ya wiki ya 12, Kidato cha Kwanza A, katika angalau vipindi viwili kila wiki nitauliza maswali yasiyozidi 12, nitasubiri sekunde 5 kabla ya kutaja jina, na wanafunzi wataongea na jirani kwa sekunde 30 kabla ya kujibu mbele ya darasa, ili wanafunzi tofauti wasiopungua 20 wasikike wakisema sentensi kamili kwa kipindi. Ushahidi: rekodi za wiki ya 1, 6 na 12, na ramani za ukaaji zilizojazwa na mwalimu mwenzangu.*

Hizo sekunde 5 zina sababu. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza vipindi vya sayansi akakuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza; walipofikisha sekunde 3 na kuendelea, majibu yalirefuka, na wanafunzi walioshindwa kujibu wakapungua. Wale walikuwa wakijibu kwa lugha yao. Mtoto wako anasikia swali kwa Kiingereza, anatafuta maana kwa Kiswahili, pengine anapitia Kimakonde njiani, anatunga jibu, analirudisha Kiingereza. Sekunde 3 kwake ni chache.

Utekelezaji wake una mitego. Sekunde 5 za kimya ni ndefu sana kwa mwalimu aliyesimama, utajikuta unajijibu. Hesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Majina yaandike kwenye vipande vya kadibodi, uviweke kwenye kopo, uchomoe kimoja baada ya sekunde hizo kuisha. Ukitaja jina kwanza, wengine 61 wanaacha kufikiri. Aliyekwisha kujibu, jina lake lirudi koponi, la sivyo anajua amemaliza zamu yake hadi kesho. Kwa mazungumzo ya jirani, wapange wawili wawili kwa dawati walilokalia, usihamishe viti: kuhamisha viti vya watu 60 kunakula dakika 6 za kipindi. Kelele itakuwapo. Mtaarifu mwalimu wa darasa la jirani mapema, na kubalianeni ishara ya kunyamaza, mkono juu, wala si kupiga meza. Wiki mbili za kwanza zitakuwa mbaya na vipindi vitachelewa kwa azimio la kazi. Walimu wengi huacha hapo, wiki ya tatu, ndipo mambo yangeanza kutulia.

Nje ya mfano huo, usiweke lengo la "kutotumia Kiswahili kabisa katika kipindi". Linapendwa na wakaguzi wa zamani na linaandikika kirahisi, lakini darasani huzaa ukimya. Sentensi mbili za Kiswahili kueleza kazi ya vikundi huokoa dakika 5 za maigizo. Kama Kiswahili kinakutawala, hesabu kwanza unakitumia kwa shughuli zipi: kutoa maelekezo, kueleza msamiati, kuadhibu, kutania. Kisha chagua shughuli moja uihamishie Kiingereza kwa muhula huo. Maelekezo ndiyo rahisi kuanzia, kwa kuwa hujirudia kila siku: maneno kama 15 yanamaliza kazi.

Mfano wa pili ni wa kuandika, na huu una hesabu ambayo mtu anapaswa kuifanya kabla ya kuahidi. Daftari moja la aya ya maneno 80 linasahihishwa kwa takriban dakika 5 ukiwa makini. Mikondo yako miwili ni daftari 121, yaani dakika 605, saa 10 na ushei. Ukiandika lengo la "kutoa na kusahihisha zoezi la kuandika kila wiki", umejiandikia saa 10 za wiki juu ya vipindi vyako vyote. Ndiyo maana hutokea mara mbili kwa muhula, na ndiyo maana watoto hawajui kuandika. Lengo linalotekelezeka ni hili:

> *Ifikapo mwisho wa Mei, mikondo A na B wataandika aya moja ya maneno 60 hadi 80 kila wiki. Kila wiki nitasahihisha kwa kina robo ya kila mkondo (daftari 16 na 15) kwa kutumia alama za makosa. Wengine watasahihishana wawili wawili kwa orodha ya mambo matatu. Kosa la wakati uliopita lililojitokeza mara 5 kwa wastani katika daftari 12 za Januari lipungue hadi 2 au chini.*

Daftari 31 kwa dakika 5 ni saa 2 na dakika 35. Inawezekana kwa siku mbili za mchana. Alama za makosa ziwe chache: N kwa nyakati, U kwa upatanisho, T kwa tahajia, M kwa msamiati, P kwa mpangilio. Unazungushia kosa na kuweka herufi. Jibu sahihi huandiki wewe. Kisha, na hapa ndipo penye roho ya jambo lenyewe, dakika 10 za kwanza za kipindi kinachofuata ni za wanafunzi kurekebisha wakiwa darasani, wewe ukizunguka. Bila dakika hizo alama zote ni wino uliopotea; mtoto ataangalia maksi na kufunga daftari. Pia usizungushie kila kosa. Kama lengo ni wakati uliopita, kosa la tahajia liache wiki hiyo. Mzazi au mkuu akiliona daftari atauliza kwa nini kosa limeachwa, hivyo bandika karatasi ndani ya jalada la mbele inayosema ni kosa gani linashughulikiwa mwezi huu.

Kati ya mifano hii miwili chagua mmoja. Rekodi na daftari ndizo zitakuambia upi uanze.

Lugha yako mwenyewe

Lengo hili ni la mwaka mzima, na lina kanuni tofauti kidogo, kwa kuwa lugha haikui kwa muhula. Viwango vya Baraza la Ulaya vya kupima umahiri wa lugha, kuanzia A1 (anayeanza) hadi C2 (mahiri kabisa), hutumika duniani kote. Kutoka ngazi moja ya kati hadi inayofuata, tuseme B1 kwenda B2, hukadiriwa kuhitaji karibu saa 200 za kujifunza kwa kuongozwa. Ukiwa na saa 4 kwa wiki, hiyo ni wiki 50. Kwa hiyo "kufikia C1 ifikapo Juni" ni ndoto tu. Kata kipande.

Kipande kinacholipa haraka kwa mwalimu wa huku ni matamshi. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza huelezwa kuwa na irabu 20 ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Msemaji wa Kiswahili huzibana zote zile 20 ndani ya zile 5 alizozoea, ndipo "ship" na "sheep" zikawa neno moja. Jambo la pili ni mkazo. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno; Kiingereza huuhamisha, na mwanafunzi aliyejifunza neno kwa mkazo wa Kiswahili hatalitambua akilisikia redioni. La tatu ni l na r, ambazo wengi wa kusini tunazichanganya hata katika Kiswahili. Hilo litakusaidia pia Kidato cha Pili: kosa hilohilo la kusema huingia kwenye insha ya Kiswahili kama kosa la tahajia, sambamba na h inayodondoka hadi "hana" ikawa "ana" na maana ikageuka kabisa.

Mpango wake: maneno 10 kwa wiki kutoka kwenye mada utakazofundisha wiki ijayo, si kutoka orodha ya mtandaoni. Tafuta matamshi yake kwenye kamusi ya simu yenye sauti, yasikilize mara tatu, jirekodi, linganisha. Dakika 15 kwa siku, siku nne. Wiki 30 za kufanya hivyo ni maneno 300, na yote utayatamka darasani, kwa hiyo hayasahauliki. Ushahidi ni rekodi ya maneno 40 yaleyale mwezi Februari na mwezi Oktoba, ikisikilizwa na mtu asiyejua ipi ni ya lini.

Kuhusu bando: chagua sauti badala ya video. Saa moja ya sauti ya ubora wa kawaida wa mazungumzo, kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama megabaiti 29. Video ya saa hiyohiyo huzidi hapo mara kumi kwa urahisi. Ukienda Newala mjini au Mtwara kwa shughuli nyingine, pakua ya mwezi mzima. Ukurasa wa British Council wa walimu wa Kiingereza ni wa bure, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni yenye vitabu vya kiada pamoja na mfumo wa kujifunzia wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Kitangali una chuo cha ualimu wilayani mwako. Andika barua kupitia kwa mkuu wako kuomba kutumia maktaba yao au kuonana na mkufunzi wa Kiingereza. Walio Lindi wana Chuo cha Ualimu Nachingwea.

Shahada ya juu ni suala jingine. Kusoma Chuo Kikuu Huria ukiwa kazini ni uamuzi wa ajira, ruhusa, ada na familia. Uandikie karatasi yake. Nimeona mipango ambayo lengo pekee ni "kupata shahada ya uzamili", na kwa miaka mitatu darasa halijaguswa.

Kalenda ya kusini

Mipango mingi huandikwa kana kwamba mwaka una wiki 40 zinazofanana. Kwetu hazifanani. Muhula wa kwanza, Januari hadi mwanzoni mwa Juni, ndio wako hasa, ingawa Kidato cha Kwanza huripoti kwa kusuasua na mvua za masika hupunguza mahudhurio ya wanaotoka mbali. Usianze kuhesabu lengo kabla ya wiki ya nne ya Januari. Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba kuna wiki kama 10 nzuri. Hapo weka lengo la pili la darasani, au endeleza la kwanza. Oktoba korosho zinaanza kukusanywa, minada inafunguliwa, mahudhurio yanayumba, na upimaji wa Kidato cha Pili unanyemelea, kwa hiyo Kiswahili chako kitakudai vipindi vya ziada. Miezi hiyo bakiza lengo la matamshi na tathmini tu. Na kama likizo ni msimu wa jando na unyago katika vijiji vinavyowazunguka, tegemea baadhi ya watoto kuchelewa kurudi. Usipange kipimo cha mwisho wiki ya kwanza ya kufungua.

Kuna jambo dogo la kiofisi linalowavuruga wengi. PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS, unafuata mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, na mwaka wa shule ni Januari hadi Desemba. Lengo lako la Januari hadi Mei litaangukia nusu ya pili ya mwaka wa PEPMIS. Ligawe kwa miezi tangu mwanzo, ili unachojaza kwenye mfumo na kilicho kwenye karatasi ya mkuu visigongane.

Mwenzako na karatasi yake

MEWAKA imeweka Jumuiya za Ujifunzaji ndani ya shule, na hapo ndipo lengo lako lipate macho ya pili. Mwombe mwalimu mmoja, asiwe mkuu wala wa taaluma, kwa sababu mbele ya wakubwa utafundisha somo la maonyesho. Si lazima awe wa Kiingereza. Wa Biolojia anafaa kabisa kwa kuwa anakuja kuhesabu, hakuja kukosoa sarufi. Mpe karatasi yenye ramani ya madawati. Akae dakika 15, kila mwanafunzi anayesema sentensi aweke alama kwenye kiti chake. Basi. Mkishatoka mwangalie ramani pamoja dakika 5. Kona isiyo na alama hata moja itasema yenyewe.

Kinachoharibu ni mtazamaji kuandika "somo zuri, mwalimu mchangamfu" au "zana hazitoshi". Mkubaliane kabla: kitu kimoja, kwa tarakimu. Nawe kamtazame naye kwa jambo analolitaka yeye, la sivyo baada ya mara mbili atakuwa na kazi nyingine. Kwenye kikao cha jumuiya peleka ramani hizo mbili au tatu na swali moja: "Nifanyeje upande wa dirishani waseme?" Kikao kinachoanza na swali la namna hiyo hutoa mawazo matatu ya kujaribu kesho yake.

Wiki ya 4, ya 8 na ya 12

Weka tarehe tatu za kujikagua sasa hivi. Kila ukifika, jiulize kwanza: katika vipindi nilivyoahidi, nimefanya vingapi? Andika tarakimu, mfano 6 kati ya 8. Ndipo uangalie matokeo ya wanafunzi. Ukikuta umefanya 2 kati ya 8, usiihukumu mbinu, hujaijaribu. Punguza ahadi iwe kipindi kimoja kwa wiki, siku maalumu, na uanze tena. Ukikuta umefanya 7 kati ya 8 na sauti bado ni 10, basi tatizo ni mbinu yenyewe: pengine maswali yako ni ya kujibiwa kwa neno moja, hivyo hata wakiongea na jirani hawana cha kusema. Badilisha aina ya swali, uache mengine yalivyo. Na sauti zikifika 20 wiki ya 8, usipandishe hadi 30. Hakikisha zinabaki 20 kwa wiki nne zaidi bila kopo la majina kukukumbusha.

Faili la ushahidi lisizidi kurasa sita: jedwali la daftari la mwanzo na la mwisho, ramani tatu za ukaaji, ukurasa mmoja wa tarakimu za wiki. Rekodi zenyewe zibaki kwenye simu yako au kadi ya kumbukumbu, usizipeleke ofisini. Zina sauti za watoto.

Mkuu akisisitiza kwamba fomu ya ofisi inataka malengo matano na neno "semina" lazima liwemo, mjazie: andika yale mawili kwenye namba 1 na 2, halafu 3 hadi 5 ziwe msaada unaouhitaji kwa ajili ya hayo mawili. Ruhusa ya kurekodi vipindi vitatu. Nafasi moja kwa wiki ya kutazamwa na mwenzako, iingizwe kwenye ratiba. Na semina ya ufundishaji wa kuandika, ikitokea, ya kwanza upewe wewe kuliko anayekwenda kwa zamu, kwa kuwa utakuwa na daftari 12 za kwenda nazo.